Panya wa Bwana Mlango

Siku yangu ya kwanza kazini niligombezwa kwa kusema sana, na kazi yenyewe ilikuwa ya kusema.

Ilikuwa Likoni, wakati wa vile vita vikuu vya pili, katika bohari la kopra ambalo Bwana Gulamali, mwenye sinema, alilitoa kopra akalitia mabenchi. Kopra iliondoka, harufu yake ikabaki. Ukirudi nyumbani, buibui lako lasema ulikokuwa. Mbele palitungikwa kitambaa cheupe cha marekani, ndilo pazia la picha. Nyuma palikuwa na kijumba cha mbao alimokaa Fundi Kaingu wa Charo, mtu wa Rabai, aliyeendesha mtambo wa kumulika filamu. Jumatano alasiri ilikuwa ya wanawake peke yao, basi kijumba cha Kaingu kilizibwa kwa gunia mpaka kikasalia kitundu cha kupita mwangaza. Hakutuona. Alitusikia tu, nasi tulimsikia yeye akikohoa.

Mimi nilikuwa msemaji wa picha. Nyinyi wa leo mwasoma maandishi chini ya picha, au lugha mwaijua. Wakati wetu picha zilikuja na Kihindi, na Kimisri, na Kizungu, na mama wa Likoni alijua Kiswahili chake na dua zake. Kwa hivyo aliwekwa mwanamke kando ya pazia, juu ya kigoda, awaambie wenzake kinachosemwa. Nilichukuliwa mimi kwa kuwa mama yangu alifua nguo katika nyumba ya Wahindi, nikakua na watoto wao, Kihindi kikaniingia bila kukiita. Shule sikuiona. Chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, nilitolewa mapema nikasaidie kusuka makuti, na herufi hizi ninazoandika nilizipata katika ngumbaru, nimeshakuwa bibi. Lakini jina la mtu likiniingia halitoki.

Siku hiyo ya kwanza nilikalia ncha ya kigoda. Niliogopa kunyamaza. Niliona nikinyamaza watadhani sijui. Basi kila kitu nikakisema: huyu anaingia, huyu anatoka, huyu anakunywa maji. Picha ilikuwa ya Kihindi, ya mama aliyetenganishwa na mwanawe. Ilipofika mama kulia, nami nikapaza sauti: "Sasa yualia kwa sababu mwanawe—"

Fatuma wa Mzee Jabu akainuka katikati ya ukumbi. "We Rukia! Tuachie na sisi tulie!"

Baada ya picha Bwana Gulamali akaniita. "Mimi naweka wewe kusema maneno," akaniambia. "Wewe nageuka redio."

Nilitoka nikajibanza nyuma ya kijumba, nikifuta macho kwa ncha ya buibui. Kaingu akasema nami kupitia gunia, maana alikuwa mtu wa adabu, hakutoka: "Dada, sikiliza. Picha ikisema, wewe meza mate. Ikinyamaza, sema. Hakuna kazi nyingine."

Neno hilo, meza mate, ndilo elimu yote niliyopewa.

Mtaniuliza, hofu yote hiyo ya nini, kwa picha tu? Ile alasiri yetu ilisimama juu ya ulimi wa mtu mmoja, Bwana Mbaruku bin Sefu, mwenye duka karibu na feri. Wanaume wa mtaa walimfuata kwa kauli. Bwana Gulamali alipoomba wanawake wapewe siku yao, Bwana Mbaruku alikubali kwa sharti. Alisema mbele ya wazee: "Picha ya heshima, sawa. Lakini siku nikisikia mwanamke amevunjiwa heshima mle ndani, hata kwa neno moja, wake zetu hawatavuka kizingiti kile tena."

Kwa wenzangu, alasiri ile ilikuwa ndiyo siku pekee ya juma ya kutoka bila mgonjwa wala matanga. Kwangu mimi ilikuwa chakula. Baba alikwisha kufa, mama magoti yake yamemkatalia kufua, na makuti peke yake hayalishi watu wawili. Basi kila Jumanne usingizi ulinipaa. Kila Jumatano jicho langu lilikuwa mlangoni mpaka picha iishe na watu watoke salama.

Kisha vita vikazuia meli, na picha za Kihindi zikakatika. Bwana Gulamali alirudia zile zile mpaka watu wakawa wanazisema kabla yangu. Hapo ndipo alipokuja Bwana Nilsi.

Bwana Nilsi alikuwa mtu wa Denmaki, makanika wa meli. Wajerumani walichukua nchi yake meli aliyoifanyia kazi ikiwa safarini, ikabaki huku, naye akapata kazi katika karakana ya kutengeneza mashua kule Likoni. Alikuwa mrefu, ngozi imebambuka kwa jua, akisema Kiswahili cha kuokota. Katika vitu vya meli alikuwa na filamu ndani ya makopo ya bati, picha ya kuchekesha ya kwao, ya miaka ile ya mwanzo picha zilipoanza kusema. Alimwambia Bwana Gulamali achukue bure, aionyeshe. Alitaka tu asikie lugha yake.

Bwana Gulamali akanigeukia. "Rukia, hii wewe nasema?"

"Bwana, lugha hiyo sijaisikia tangu kuzaliwa."

"Basi sikia."

Tukaitazama asubuhi moja, milango imefungwa, mama yangu ameketi pembeni akisuka makuti ili nisikae peke yangu na wanaume. Bwana Nilsi akawa ananinong'oneza. Hadithi ilikuwa ndogo. Mwanamume mwembamba, muoga, mshona kofia, amepanga chumba katika nyumba ya ghorofa. Jirani yake ni mjane mnene mwenye sauti. Mwanamume ampenda mjane, hathubutu kusema. Mwisho waoana. Basi.

Lakini namna ilivyotengenezwa! Mimi nilizoea picha zinazokimbia. Hii ilikaa. Yule bwana aliyeitengeneza alipenda mlango. Aliuweka mlango mbele yako akakuacha nao, na mambo yakatendeka nyuma yake. Wasikia viatu vikipanda ngazi: vizito, huyo mwenye nyumba, vyenye mlio, huyo mshona kofia. Wamjua mtu kabla hujamwona. Wasikia sahani zikianguka, huzioni. Mlango wafunguka, mwatokea mkono mmoja na kigae. Mshona kofia aliimba vizuri, lakini aliimba mlango umefungwa, na picha yatuonyesha majirani kwenye ngazi wamesimama na ndoo zao, wamesahau walikokuwa wakienda.

Kitu kingine, watu wa picha ile walikuwa wakisema huku wameinamia chombo cha maua. Nikauliza kwa nini. Bwana Nilsi akaniambia kuwa siku zile kinasa sauti, yaani sikio la mtambo, kilikuwa kikubwa na hakiwezi kutembea, basi walikificha ndani ya maua, na kila mwenye neno ilimbidi alisogelee ua. Watengenezaji wengine waliona haya kwa hilo. Huyu alilifanya mzaha: mshona kofia wake, akikosa ujasiri mbele ya mjane, huyaendea maua akayaeleza mapenzi yake, kwa heshima zote, kofia mkononi.

Mama yangu, asiyependa picha, aliacha kusuka. "Maskini," akasema. "Si bora aoe hayo maua."

Tulipofika gurudumu la nne, yaani kipande cha nne cha filamu, maana filamu huviringwa vipande vipande, Kaingu akauzima mtambo. Taa ya mtambo huwaka kwa vijiti vya makaa, na vijiti wakati wa vita vilikuwa adimu kama sukari. "Vilivyobaki ni vya Jumatano," akasema. Basi gurudumu lile Bwana Nilsi alinieleza kwa maneno na mikono. Mjane juu ya meza. Mshona kofia mlangoni. Kisha akakwaruza benchi kwa kucha, kru kru kru, akitabasamu, akakosa neno la Kiswahili.

"Hapa Bibi Rukia hapana sema," akaniambia. "Hapa masikio tu. Wewe tasikia."

Nikaitikia kwa kichwa. Nilijiambia, nitakuja kulielewa likifika.

Jumatano hiyo watu walijaa. Magurudumu matatu ya kwanza yalikwenda vizuri hata nikaanza kupumua. Wenzangu walicheka, na ule mlango ukawafurahisha mpaka wakampa mtengenezaji jina, Bwana Mlango. Jina lake la kweli Bwana Nilsi alinitajia mara nyingi, na hilo ndilo jina pekee ulimi wangu uliloshindwa kulishika.

Kaingu alipotia gurudumu la nne, mvua ikashuka. Nyinyi mwajua mvua juu ya mabati. Hata mtu akikupigia kelele sikioni wamwona mdomo tu.

Picha ikaonyesha mjane juu ya meza, ameishika sketi yake kwa mikono miwili, ameipandisha hadi kwenye muundi, uso umemtoka rangi. Nikameza mate, kama nilivyofundishwa. Nikatega masikio. Nikasikia mvua. Kisha mjane akapiga ukelele ulioishinda hata mvua: "Kom! Kom!"

Mlango ukafunguka, mshona kofia akachungulia.

"Kom!" Naye akaingia hatua moja.

"Amwambia koma!" akasema mtu nyuma.

"Kom! Kom!" Naye akaongeza hatua.

"Lahaula! Aambiwa koma, na yuwaja!"

"Na kofia mkononi, yuwaja! Ewe mwanahizaya, huskii? Umeambiwa koma!"

"Mjane wa watu, yu peke yake!"

Ndara ikaruka ikapiga pazia. Wengine wakasimama, wengine wakawafunika binti zao nyuso. Mimi nilikuwa nimeshafunua kinywa, hamna kitu ndani yake. Kaingu aliposikia ghasia akauzima mtambo, na wenzangu wakatoka mvuani, bora walowe kuliko kukaa.

Kabla ya Magharibi habari ilikwisha kufika dukani kwa Bwana Mbaruku. Asubuhi yake alikuja, kanzu imepigwa pasi, fimbo mkononi. Nikaitwa.

"Shikamoo, Bwana Mbaruku."

"Marahaba, Bi Rukia. Nitakuuliza neno moja. Yule mwanamke alisema koma, au hakusema?"

"Nilisikia hivyo, bwana, lakini—"

"Na yule mwanamume alikoma?"

"Hakukoma, bwana."

Akamgeukia Bwana Gulamali. "Umesikia? Msemaji wako mwenyewe."

Bwana Gulamali akajipangusa jasho. "Picha ya kucheka hii, Bwana Mbaruku. Mwisho yeye naoa."

"Ndiyo maana haifai. Yataka kutuambia aliyeambiwa koma asikome, mwisho atapewa mke?" Kisha akapoa kidogo, maana hakuwa mtu mbaya. "Mimi siwezi kuingia nikaona. Ataingia mama. Jumatano ijayo irudieni, ile ile, msipunguze kitu. Mama akitoka ameridhika, kheri. Asiporidhika, mlango huu mwisho wake ndio huo."

Moyo ulinishuka. Mama yake, Bi Mwanajuma, alikuwa bibi wa kuogopwa, akiweza kumnyamazisha bwana harusi siku ya harusi yake. Zaidi ya hayo, macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Aliona mwanga na kivuli, basi. Alasiri yetu itahukumiwa kwa picha, na hakimu haoni.

Siku hiyo hiyo nilimchukua mama tukaenda karakana. Bwana Nilsi alitoka chini ya mashua, grisi hadi viwikoni. Nilipomweleza alicheka kwanza. Aliponiona uso akaacha.

"Hapana koma," akasema. "Kom. Kwetu kom, kwenu njoo."

Mama yangu akamtazama. "Lugha gani hiyo, ya kumwita mtu kwa kumfukuza?"

Lakini mimi nilizidi kuogopa. Kama mjane alisema koma, mwanamume ni mhuni. Kama alisema njoo, huku amepandisha sketi, basi mjane mwenyewe hana haya! Nikamuuliza: na kule juu ya meza alipanda kufanya nini?

Akakwaruza ubao tena, kru kru kru. Kisha akachovya kidole katika grisi, akachora mwili mdogo na mkia mrefu.

"Panya!" tukasema mimi na mama pamoja.

"Pan-ya," akasema, akalishika neno. "Pan-ya yuko chini. Wewe hapana ona. Mimi hapana ona. Sikia tu."

Ndipo nikafahamu. Bwana Mlango hakumwonyesha panya. Alimficha, kama alivyoficha sahani na ngazi, akatuachia mlio wake. Na mlio ule ulimezwa na mvua.

"Basi Jumatano nitawaambia mapema," nikasema. "Nitasema kuna panya."

Bwana Nilsi akatikisa kichwa kwa nguvu. "Ukisema panya, panya yafa."

Nilikasirika. Niliona yeye yuafikiri habari ya kuchekesha, mimi nafikiri habari ya kula. Lakini mama akanishika mkono tukiwa njiani. "Fikiri, Rukia. Ukiwaambia kuna panya, wenye macho watatafuta panya pazia zima wasimwone. Watasema umemtunga kuilinda kazi yako. Na Bi Mwanajuma atawaamini wao, maana ndio wenye macho."

Kweli tupu. Nikisema, mwongo. Nikinyamaza, nilishanyamaza mara moja na mliona yaliyonipata.

Kabla hatujaondoka pale karakana Bwana Nilsi alisema neno jingine, ameinama akifuta vidole. Alisema, "Yule mwanamke naita kama mama yangu naita. Chakula tayari, mama nasimama mlangoni: kom, kom nu, njoo sasa." Tangu Wajerumani waingie kwao hakupata barua ya mama yake. Hakujua kama yu hai.

Juma lile sikukaa ndani. Nilitazama mawingu kama mkulima, ila mimi niliomba mvua isije. Nilimwendea Kaingu, nikasimama nje ya gunia. "Nifanyeje, kaka?"

"Unajua nitakalosema."

"Wewe umo ndani ya kijumba, mimi niko mbele za watu!"

Akakohoa. "Panya ni wa yule bwana, si wako. Muache amtoe mwenyewe. Meza mate, dada."

Jumatano ikaja na wingu zito juu ya bahari. Bi Mwanajuma aliingia ameshikwa mkono na mkaza mwanawe, Zainabu, akakaa benchi la mbele kabisa, kipepeo cha ukindu cha kujipepea mkononi. Nilimwamkia. Akaipokea shikamoo yangu, akasema, "Haya, mwanangu. Tuone mnachoona." Nje Bwana Mbaruku alikaa barazani na fimbo yake.

Gurudumu la kwanza matone machache yaligonga mabati. Nikainua macho juu. Yakaacha. La pili, Bi Mwanajuma hakucheka hata mara moja. La tatu, mshona kofia alipoimba nyuma ya mlango, kipepeo kilisimama, kisha kikaendelea. Nilishindwa kujua ni dalili ya nini.

Likafika la nne. Kaingu akiwa anabadilisha, koroboi imewashwa, minong'ono ikaanza: "Ndipo hapo." "Sasa mtamwona." Mimi nikasimama. Niliwasubiri watulie. Nikasema, "Mabibi, gurudumu hili mimi sina la kusema. Nawaomba masikio yenu." Nikakaa juu ya kigoda, nikaubana ulimi kwa meno.

Chumba cha mjane. Meza, maua, kiti. Mlango umefungwa. Mjane yuapanga vyombo. Hakuna muziki. Yule bwana alikuacha na kimya chake hata ukasikia pumzi za wenzako.

Kru. Kru kru kru.

Mjane akageuka. Kru kru. Akapanda kiti, akapanda meza, akashika sketi. "Kom! Kom!"

"Hayo! Koma, amwambia—"

Bi Mwanajuma akapiga benchi kwa kipepeo, pwa! "Nyamazeni! Pana panya humu!"

Wallahi, ukumbi mzima uliinua miguu. Bohari la kopra, nani asiyejua panya wake? Waliokuwa mbele walipanda mabenchi, mabuibui yamekunjwa hadi magotini, wamekumbatiana, Zainabu amemwinua mkwewe kwa makwapa. Fatuma wa Mzee Jabu akawa analia, "Wapi? Wapi? Yuko upande wangu?" Na mimi msemaji, niliyejua yote, nilijikuta nimesimama juu ya kigoda.

Kru kru kru.

Ndipo Fatuma alipotazama mbele. Pale paziani yuko mjane, juu ya meza, nguo mikononi, uso kama wake mwenyewe. Akamtazama. Akajitazama. "Jamani," akasema, "panya ni wa kwake yule."

Kicheko kilianza pole pole kisha kikalipuka. Juu yake sauti ya mjane ikaendelea: "Kom! Kom!"

Bi Mwanajuma, angali juu ya benchi, akainua kidole. "Nani aliyesema huyu anasema koma?"

Waliosema wakajifunika buibui.

"Mtu akisema koma, sauti huikata. Huyu yuaivuta. Huyu yuwaita! Yuamwita mtu amtolee panya." Akageuza uso upande ule mshona kofia alipokuwa, maana alisikia viatu vyake vikilia. "Na huyu mwanamume ana nini, asimama mlangoni? Aogopa panya? Ingia, we!"

"Ingia!" wakadakia wengine.

"Mwiteni kwa lugha yake, huenda haskii!"

Na ukumbi mzima, wake za watu na mama za watu, ukaanza kumpigia kelele yule mwoga: "Kom! Kom! Kom!" Mshona kofia akaingia hatua, akarudi, akaenda kuyauliza maua. Walikaribia kufa kwa kucheka.

Kaingu, kupitia kidirisha cha nyuma cha kijumba chake, aliona yaliyokuwa nje, akanisimulia baadaye. Bwana Nilsi aliiacha kazi yake akaja akasimama nyuma ya bohari, upande wa ukuta wa mabati ambako hakuna mlango. Sauti zile zilipoanza, akaweka kiganja juu ya bati, akakiacha hapo mpaka zilipokwisha.

Watu walipotoka nilimfuata Bi Mwanajuma nyuma. Bwana Mbaruku akainuka barazani.

"Vipi, mama?"

Bi Mwanajuma akajitengeneza buibui, bila haraka. "Mwambie Gulamali," akasema, "afuge paka."

Akashika njia ya kwake. Bwana Mbaruku akanitazama, nami nikamtazama. Hakupata neno jingine kwa mama yake, wala kwa mtu yeyote, na alasiri yetu ikaendelea.

Baada ya hapo Bwana Gulamali alinituma kwingine. Changamwe niliisema picha ile kwa wake za wafanyakazi wa reli, watu wa makabila mengi, kelele za mabehewa nje, na kila gurudumu la nne nilikaa nikihofia treni ipite juu ya panya wangu. Ilipita mara nyingi. Ilipopita, Kaingu alirudisha filamu nyuma bila kuambiwa. Kisauni, karibu na Frere Town, wanawake wa misheni waliojua Kiingereza walisema wao neno lile walilielewa mapema. Miguu waliinua kama sisi. Filamu ilizeeka. Ilikatika, Kaingu akaikwangua kwa wembe na kuiunga kwa gundi inayonuka ndizi mbivu, na kila kiungo kilikula kipande. Mwishowe mshona kofia alikuwa mlangoni, mara yuko harusini.

Vita vilipokwisha Bwana Nilsi alirudi kwao. Alikuja kuniaga mimi na mama. Mama akamwuliza kama barua imefika. Akasema imefika. Akasimama mlangoni petu kwa kuwa alikuwa mrefu, na mama akamwambia kwa ukali wake, "Kom, basi, kom. Chakula chapoa." Akainama, akaingia.

Mimi niliiacha kazi watu walipoanza kukijua Kihindi cha picha bila kuambiwa, na vijana kutaka ukimya wao wenyewe. Hakuna aliyenifukuza. Kigoda kilihitajika pengine. Sasa wajukuu zangu hapa Kisauni wananiwekea picha zao, na ndani yake kila kitu kinaonyeshwa, hata jeraha, hata utumbo. Naziangalia. Huwa natafuta mlango.

Mwaka jana nilikuwa harusini, nikamkuta Zainabu, mkaza mwana wa Bi Mwanajuma, naye ni bibi kama mimi, akiwasimulia mabinti habari ya picha ile. "Panya mwenyewe," akawa anasema, "mweupe, mkia mrefu, alipita chini ya meza hivi."

Mwenziwe mmoja akamkatiza. "Hakuwa mweupe, alikuwa wa kijivu. Mimi nilikuwa benchi la pili, nilimwona kwa macho yangu."

"Mweupe!"

"Wa kijivu! Haya, Rukia huyu hapa, ndiye msemaji. Rukia, panya alikuwa rangi gani?"

Wakanigeukia wote, na mabinti pia.

Nikameza mate.